Riwaya za distopia zilizoandikwa na wanawake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kikundi chetu cha usomaji kina wanawake tisa na wanaume watatu, na kila tunapofungua riwaya ya aina hii maswali hurudi yale yale. Mengine huulizwa kwa hasira, mengine kwa mashaka, na moja huulizwa kwa sauti ya chini wakati wengine wameshaanza kufunga mikoba. Nimeyakusanya hapa. Majibu si ya mtu aliyekaa katikati: nimevipenda vitabu hivi kwa miaka mingi, na ninaamini vinasema kweli.

Distopia ni nini hasa?

Ni hadithi ya jamii iliyoharibiwa kwa mpango. Njaa au mafuriko peke yake hayatoshi. Lazima wawepo watu waliokaa kikao, wakatunga sheria, wakachagua sare, wakaajiri walinzi, mpaka mateso yakawa ratiba ya kawaida kama kengele ya shule. Kinyume chake ni utopia, nchi ya kufikirika ambako kila kitu kimenyooka. Tatizo ni kwamba watawala wa distopia huamini kuwa wamejenga utopia. Katika The Handmaid's Tale, riwaya ya Margaret Atwood wa Kanada, Kamanda, mmoja wa vigogo wa utawala, anakiri hilo mbele ya mwanamke aliyegawiwa kwake: hali bora, anamwambia, haiwi bora kwa wote, na daima wapo ambao kwao huwa mbaya zaidi.

Orwell alishaandika 1984. Kwa nini kuzitenga riwaya za wanawake?

Kwa sababu jicho linatua mahali pengine. George Orwell, Mwingereza, katika riwaya yake hiyo ya mwaka 1949, anauliza dola inaifanya nini akili ya mwanamume anayetaka kufikiri. Waandishi hawa wanaanza chini zaidi: nani anapika, nani anazaa na kwa amri ya nani, fedha ziko kwa jina la nani, nani anaruhusiwa kushika kalamu. Yale ambayo riwaya nyingi huyaacha nyuma ya pazia kuwa ni mambo ya nyumbani, hapa ndiyo siasa yenyewe.

Tena wanawake hawakumsubiri Orwell. Mwaka 1937, miaka 12 kabla yake na kabla hata Vita Kuu ya Pili haijaanza, ilitoka Uingereza riwaya iitwayo Swastika Night. Jalada lilibeba jina la mwanamume, Murray Constantine. Ndani yake miaka mia saba imepita tangu ushindi wa Hitler, naye anaabudiwa kama mungu mrefu mwenye nywele za dhahabu. Wanawake wamefungiwa ndani ya uzio, wamenyolewa vichwa, na mtoto wa kiume huchukuliwa kutoka kwa mama yake angali mchanga. Kisha dola inagundua kwa hofu kwamba wasichana wanazidi kupungua kuzaliwa, kana kwamba miili ya wanawake imegoma.

Kuna ukurasa mmoja pale ambao siusahau. Mhusika anaonyeshwa picha ya zamani ya siri: Hitler halisi, mfupi, mweusi wa nywele, na pembeni yake kuna kijana mzuri wa sura. Mtazamaji anadhani ni mvulana. Ni msichana. Katika ulimwengu wake hajawahi kumwona mwanamke aliyesimama wima akimtazama mtu usoni, kwa hiyo macho yake hayakuweza kumtambua.

Ilichukua takriban nusu karne wasomaji kujulishwa kwamba Murray Constantine alikuwa mwanamke aliyeitwa Katharine Burdekin. Alikuwa amefariki mwaka 1963. Aliyefichua ni mtafiti wa Marekani, Daphne Patai, katika miaka ya 1980.

Je, huyo ndiye wa kwanza?

Kwa riwaya ya kutisha ya namna hiyo, yumo miongoni mwa wa mwanzo. Lakini mimi humrudisha msomaji nyuma zaidi, hadi mwaka 1905, kwa Rokeya Sakhawat Hossain wa Bengal, katika India iliyotawaliwa na Waingereza. Alizaliwa mwaka 1880 katika familia ya Kiislamu yenye mali iliyowatawisha mabinti zake, na kaka yake alimfundisha kusoma usiku kwa siri. Hadithi yake fupi, Sultana's Dream, ilitoka kwenye gazeti la wanawake huko Madras. Katika nchi anayoiota, wanaume ndio waliotawishwa ndani, na wanawake wanaendesha vyuo vikuu, wanavuna joto la jua na kuteka maji ya mvua kutoka mawinguni. Inasomeka kama mzaha mtamu, hadi unapojiuliza kwa nini kumfungia mwanamume kunachekesha na kumfungia mwanamke ni desturi. Mumewe alipoimaliza alisema ni kisasi cha kutisha, na hakumzuia kuichapisha. Rokeya baadaye aliendesha shule ya wasichana Calcutta kuanzia mwaka 1911, akipita nyumba hadi nyumba kuwabembeleza wazazi.

Wasomaji wa pwani, ambako hadi leo bibi zetu wanakumbuka maana ya mwari na utawa, humwelewa haraka kuliko walimu wangu wa chuo walivyomwelewa.

Ni kweli kwamba hakuna kilichobuniwa katika The Handmaid's Tale?

Atwood alijiwekea sharti: asiingize tendo lolote ambalo binadamu hawajalitenda mahali fulani, wakati fulani. Alianza kuandika mwaka 1984 akiishi Berlin Magharibi, mji uliozungushiwa ukuta, na kitabu kikatoka mwaka 1985. Kinasimulia jamhuri ya Gilead iliyojengwa juu ya magofu ya Marekani. Uzazi umekuwa adimu, kwa hiyo wanawake wachache wanaoweza kushika mimba hugawiwa kwa vigogo wawazalie.

Tuanze na Romania. Oktoba 1966 serikali ya Nicolae Ceaușescu ilitoa Amri namba 770, iliyopiga marufuku utoaji mimba isipokuwa kwa wachache, kama waliopita miaka 45 au waliokwisha zaa watoto wanne. Vidhibiti mimba navyo vikawa havipatikani. Mwaka 1967 idadi ya watoto waliozaliwa ilikuwa karibu maradufu ya mwaka uliotangulia. Kufikia miaka ya 1980 wanawake walipangishwa foleni viwandani wapimwe na madaktari, ili mimba ijulikane mapema na isitoweke. Zaidi ya wanawake 9,000 walikufa kwa kutoa mimba kwa siri. Amri ilifutwa mara Ceaușescu alipoangushwa, Desemba 1989. Maana yake ni kwamba Atwood alipokuwa akiandika, sheria hiyo ilikuwa hai, upande wa pili wa ukuta ule.

Watoto kunyang'anywa mama zao na kupewa familia za watawala? Argentina, utawala wa kijeshi wa 1976 hadi 1983. Wafungwa wajawazito waliachwa hai hadi wajifungue. Bibi wa watoto hao waliungana mwaka 1977 kuwatafuta. Wanakadiria watoto takriban 500, na zaidi ya 130 wameshapatikana.

Ibada ya ajabu ambayo mjakazi hulala kati ya magoti ya mke wa bwana? Fungua Mwanzo sura ya 30, Raheli anapomwambia Yakobo amwingilie Bilha, azae juu ya magoti yake.

Na kuna tukio moja lisilo na damu ambalo ndilo linalonitia baridi kuliko yote. Asubuhi moja mwanamke anakwenda kununua sigara, kadi yake ya benki inakataa. Mchana mwajiri anawaachisha kazi wanawake wote. Jioni anaelewa kwamba fedha zake zimehamishiwa kwa mumewe kisheria. Sasa fikiria ni M-Pesa: namba zote zilizosajiliwa kwa majina ya wanawake zimefungwa saa mbili asubuhi, kabla mama ntilie hajanunua unga. Nchini Ufaransa mke hakuweza kufungua akaunti yake bila idhini ya mume mpaka sheria ya mwaka 1965. Atwood aliirudisha saa nyuma kidogo tu.

Kwa nini unamwita "mjakazi"? Si mtumishi tu?

Kwa sababu ndilo neno la Biblia yetu kwa Bilha, na kwa sababu neno hilo lina historia yake hapa hapa. Mtwana alikuwa mtumwa wa kiume, mjakazi wa kike, na mjakazi aliyechukuliwa kitandani na bwana wake aliitwa suria. Majumba ya masultani wa Zanzibar yalijaa masuria. Salma binti Said, aliyezaliwa mwaka 1844 na baadaye kuchapisha kumbukumbu zake Ujerumani mwaka 1886, alikuwa binti wa Sultani na mama yake alikuwa suria kutoka Circassia, kwenye milima ya Kaukazi, aliyetekwa akiwa mtoto.

Mwaka 1897 ilitolewa amri ya kuondoa hadhi ya utumwa kisheria Unguja na Pemba. Masuria waliachwa nje. Walihesabiwa kama wake, na jambo la wake likaonekana ni la ndani ya nyumba, serikali isiliguse. Walisubiri mpaka amri nyingine ya mwaka 1909. Miaka 12 mtu aliweza kuwa huru shambani na mtumwa chumbani. Kila tukifika hapo kikundi hunyamaza, na hatuhitaji tena kubishana kama riwaya ya mwanamke wa Kanada inatuhusu.

Ufeministi wenyewe uliathiri vipi vitabu hivi?

Ukiangalia miaka utaona mawimbi. Miaka ya 1970 wanawake wa Marekani walikuwa barabarani, sheria zinabadilika, na vitabu vina matumaini ndani ya giza. Marge Piercy, katika Woman on the Edge of Time ya mwaka 1976, anamweka Connie Ramos, mwanamke maskini mwenye asili ya Meksiko, ndani ya hospitali ya wagonjwa wa akili New York, kisha anamfungulia mlango wa kuitembelea jamii ya haki ya mwaka 2137. Anamwonyesha pia, kwa kurasa chache, mustakabali mwingine ambako wanawake ni bidhaa. Bado uchaguzi upo.

Kisha likaja pigo. Marekebisho ya katiba ya kulinda usawa wa kijinsia Marekani yalifikia ukomo wa muda mwaka 1982 yakiwa yamepungukiwa majimbo matatu. Baada ya hapo tunapata Native Tongue ya Suzette Haden Elgin mwaka 1984 na riwaya ya Atwood mwaka 1985, na uchaguzi umeshapita. Waandishi hao waliona haki inaweza kurudishwa dukani kama shati lisilotosha. Hukumu ya mwaka 1973 iliyoruhusu utoaji mimba nchi nzima ilitenguliwa Juni 2022.

Mbona wakandamizaji wengine humu ni wanawake?

Swali hili huletwa kama shutuma: "Unaona? Adui wa mwanamke ni mwanamke." Wanaouliza hivyo wamesoma vizuri, wamehitimisha vibaya.

Katika Gilead wanaowafunza wajakazi utii ni wanawake wanaoitwa Mashangazi, wenye virungu vya umeme kiunoni. Wao peke yao kati ya wanawake wanaruhusiwa kusoma na kuandika. Naye Serena Joy, mke wa Kamanda, enzi za zamani alipata umaarufu akihutubia wanawake kwamba mahali pao ni nyumbani, na sasa sheria imemfungia humo alimokuwa akihubiri. Wasomaji wengi humlinganisha na Phyllis Schlafly, aliyeongoza kampeni dhidi ya yale marekebisho ya katiba niliyoyataja.

Atwood anaonyesha mfumo dume unavyoendeshwa kwa gharama nafuu. Mwanamume mmoja hawezi kukaa mlangoni pa kila chumba cha uzazi. Unawapa wanawake wachache funguo, kalamu na sahani iliyojaa, na wao wanakaa mlangoni. Somo wetu, kungwi, naye hukaa na mwari faragha akimfunda. Niliwahi kumfikiria yeye niliposoma kuhusu Shangazi Lydia, na nikaona tofauti: kungwi mwema humfunda mwari ili baadaye asimame kwa miguu yake. Lakini nimewahi kusikia pia mafunzo ya "vumilia mwanangu, ndivyo tulivyo" yakitolewa kwa binti aliyekuja amevimba jicho. Hapo niliisikia sauti ya Lydia waziwazi.

Kwa nini vitabu hivi vinaizungumzia sana lugha?

Gilead imeondoa maandishi madukani, ikaacha picha, ili wanawake wasisome hata neno "maziwa". Anayepigwa marufuku kusoma anaanza kuiba maneno kama wengine wanavyoiba mkate.

Lakini aliyekwenda mbali zaidi ni Elgin, ambaye alikuwa mwanaisimu. Katika Native Tongue, wanawake wa Marekani wamenyang'anywa haki zote za kiraia, na wale wa ukoo wa wakalimani wanatunga lugha yao kwa siri, wanaume wakidhani wanafuma. Elgin aliitunga lugha hiyo kweli, kuanzia mwaka 1982, akaiita Láadan na kuiandikia kamusi. Humo kuna neno radíidin: sikukuu ambayo si sikukuu, kwa kuwa imejaa kazi na maandalizi mpaka mtu anaiogopa, hasa wageni wakiwa wengi na hakuna anayesaidia. Niliposoma tafsiri hiyo kwa sauti, wanawake wote tisa walipiga makofi. Idd, Krismasi, arobaini, send-off. Sufuria lile lile. Hatuna neno lake moja kwa Kiswahili, na kwa kukosa neno, aliyechoka huonekana mvivu.

Haya si matatizo ya wanawake weupe?

Lawama hii ina haki yake. Gilead inawahamisha Wamarekani weusi katika sentensi chache na kusonga mbele, ilhali kugawiwa kwa wanaume, kuzalishwa kwa lazima na kunyang'anywa watoto ndiyo yaliyowapata wanawake weusi watumwa kwenye ardhi hiyo hiyo.

Ndiyo maana nasisitiza Octavia Butler. Alizaliwa Pasadena, California, mwaka 1947, mtoto wa mfanyakazi wa nyumbani ambaye aliingilia mlango wa nyuma. Parable of the Sower ya mwaka 1993 inaanza Julai 2024: maji ni ghali kuliko petroli, mioto inateketeza mitaa, makampuni yanamiliki miji na kuwalipa wafanyakazi kwa madeni. Lauren Olamina, binti mweusi wa miaka 15, ana hali inayomfanya ahisi maumivu ya kila anayemwona akiumia. Anatembea kuelekea kaskazini na mfuko wa mbegu. Katika kitabu kinachofuata, cha mwaka 1998, anatokea mgombea urais anayewaahidi watu kuirudishia Marekani ukuu wake, na wafuasi wake wanafungua kambi na kuwachukua watoto. Butler hakuwa mtabiri. Alikuwa akisoma magazeti kila siku na kuuliza, mambo yakiendelea hivi?

Afrika nayo ipo. Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Kiigbo, aliiweka Who Fears Death ya mwaka 2010 katika Sudan ya baadaye, baada ya kusoma habari za ubakaji kama silaha huko Darfur. Onyesonwu, aliyezaliwa kwa ubakaji huo, anaamua akiwa na miaka 11 kukeketwa ili jamii impokee. Mwandishi hamgeuzi bibi mkeketaji kuwa zimwi, wala halipunguzi tendo lenyewe. Tanzania ilipiga marufuku kukeketa wasichana walio chini ya miaka 18 mwaka 1998, na sheria ya Kenya ni ya 2011. Wenzetu waliotoka maeneo yenye mila hiyo walikisoma kitabu hiki polepole mno.

Na kuna filamu fupi yenye jina letu kabisa: Pumzi, ya Wanuri Kahiu wa Kenya, ya mwaka 2009. Miaka 35 baada ya vita vya maji, watu wanaishi chini ya ulinzi, jasho na mkojo husafishwa na kunywewa tena, na ndoto huzuiliwa kwa vidonge. Asha, mtunza makumbusho, anapokea udongo wenye uhai, anapanda mbegu ndani yake, na Baraza linamkatalia ruhusa ya kutoka nje. Anatoroka, akiunywesha mche maji yake ya mwisho. Kahiu alitengeneza pia filamu ya maisha ya Wangari Maathai. Nadhani huhitaji kuambiwa Asha amejifunza wapi kupanda mti huku wakubwa wakimkataza.

Vitabu hivi vinawachukia wanaume?

Hapana. Soma The Power ya Naomi Alderman, ya mwaka 2016. Wasichana wanapata uwezo wa kutoa umeme mikononi, na baada ya miaka michache nchi inayotawaliwa na mwanamke inawalazimisha wanaume wasafiri kwa idhini ya mlezi wa kike. Inatisha. Sasa kumbuka kwamba Saudia mwanamke mtu mzima hakuweza kujichukulia pasipoti bila mlezi wa kiume hadi mwaka 2019.

Kwa Kiswahili vipo?

Distopia kamili za wanawake ni chache, na hilo linaniuma. Wapo jamaa zake wa karibu. Nguzo Mama ya Penina Muhando, ya mwaka 1982, ni tamthilia ya wanawake wa kijiji cha Patata wanaojaribu kuisimamisha nguzo na haisimami. Clara Momanyi wa Kenya anatumia fantasia katika Nakuruto kuonyesha mazingira yanavyoangamizwa. Kwa upande wa wanaume, Katama Mkangi alituachia Walenisi mwaka 1995. Jina hilo ukilikata vipande unapata "wale ni sisi".

Nianze na kipi, na je, niwape wanafunzi?

Anza na Pumzi, kisha Butler. Wanafunzi wa sekondari wanaweza kuanza na The Hunger Games ya Suzanne Collins. Vingine vina ubakaji, tena usiofichwa. Mwambie msomaji kabla, kwa sababu hujui yeye mwenyewe amepitia nini.

Jina halisi la mjakazi yule ni nani?

Hili ndilo la sauti ya chini. Anaitwa Offred, yaani wa Fred, na akihamishiwa kwa bwana mwingine jina litabadilika. Jina lake la kuzaliwa halitajwi. Mwishoni mwa sura ya kwanza wajakazi wananong'onezana majina gizani: Alma, Janine, Dolores, Moira, June. Wasomaji waligundua kwamba June peke yake hapati mwenyewe baadaye, wakampa Offred jina hilo. Atwood amesema hakulikusudia, ila hawakatazi.

Aliyeniuliza alifukuzwa shule akiwa kidato cha pili kwa sababu ya ujauzito, miaka mingi kabla ya Novemba 2021, Tanzania iliporuhusu wasichana kama yeye kurudi darasani. Walipimwa wakiwa wamepanga mstari, akasema, na muuguzi alikuwa mpole sana. Wiki iliyofuata rafiki yake alimwambia alivyoliona jina lake kwenye daftari la mahudhurio: limepigwa mstari kwa rula, na wino mwekundu, na namba yake amepewa msichana aliyekuwa akimfuata.